Somo la Redio: Jinsi Motokaa Ilivyofundishwa Kustahimili Baridi

  

Katika somo letu la historia leo tutazungumza juu ya motokaa. Hatutazungumza juu ya motokaa katika njia ya vumbi mnayoijua ninyi, bali motokaa katika nchi za baridi kali. Huko maji ya ziwa huwa magumu kama sakafu, na theluji hufunika njia kwa miezi mingi. Najua mmoja wenu atauliza, "Theluji inatuhusu nini sisi?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kabla somo halijaisha. Lishikeni akilini.

Adui wa kwanza: maji

Pengine umekwisha kuona chupa ya soda iliyosahauliwa katika jokofu, mahali pa kugandishia. Ukifungua asubuhi unakuta imepasuka. Nani aliyeipasua? Hakuna mtu aliyeigusa. Imepasuliwa na maji yaliyokuwa ndani yake. Vitu vingi vikipoa husinyaa, lakini maji yakiganda hutanuka. Lita 10 za maji hutoa karibu lita 11 za barafu. Barafu hiyo ikikosa nafasi, hujitengenezea nafasi, hata kama ni kwa kupasua chuma.

Sasa fikiri juu ya injini ya motokaa. Ndani yake mna moto, nayo hupozwa kwa maji yanayozunguka kutoka kwenye rejeta, kupita katika mifereji ya chuma, na kurudi kwenye rejeta. Hivi ndivyo magari mengi yalivyotengenezwa tangu zamani. Karl Benz, Mjerumani aliyepata hati ya serikali ya motokaa yake mwaka 1886, naye alitumia maji. Katika nchi ya joto maji hayo ni rafiki wa dereva. Lakini usiku wa baridi kali, gari likiwa limesimama nje, maji huganda, hutanuka, na injini hupasuka kama ile chupa. Asubuhi mwenye gari anakuta ufa katika chuma, na ufa wa namna hiyo ni vigumu sana kuuziba.

Madereva wa zamani walifanyaje? Wengine waliweka magari bandani majira yote ya baridi, wakarudi kupanda farasi. Wengine walifungua rejeta kila jioni wakamwaga maji yote, na asubuhi wakatia maji ya moto. Ukisahau jioni moja tu, umepoteza injini.

Wengine walijaribu kuchanganya maji na vitu vingine ili yasigande upesi. Walitia chumvi, lakini chumvi ikala chuma. Walitia asali na sukari, lakini zikaacha utandu na kuziba mifereji. Walitia spiriti, nayo ilifaa kidogo, lakini injini ilipopata moto spiriti ilikuwa ikitoka kama mvuke. Dereva alidhani amejilinda, kumbe katika rejeta yamebaki maji matupu.

Dawa nzuri zaidi ilikuwa imekwisha kupatikana zamani, ila hakuna aliyejua kazi yake hiyo. Katika miaka ya 1850 mtaalamu wa kemia wa Kifaransa, Charles-Adolphe Wurtz, alitengeneza kimiminiko kinachoitwa ethilini glikoli. Motokaa zilikuwa hazijazaliwa bado. Ilipofika miaka ya 1920, kimiminiko hicho kilianza kuuzwa Marekani kwa ajili ya rejeta. Ukichanganya nusu ya dawa na nusu ya maji, mchanganyiko huo hauwezi kuganda mpaka baridi ifike karibu digrii 37 chini ya sifuri. Tena hautoki upesi kama spiriti. Lakini sikilizeni vizuri: dawa hii ni tamu mdomoni, nayo ni sumu ya kuua. Watoto na mbwa wamekufa kwa kuilamba. Neno hili tutalirudia.

Adui wa pili: injini isiyotaka kuamka

Hata maji yasipoganda, baridi ina hila nyingine. Oili ya injini huwa nzito. Ni kama samli: mchana wa jua humiminika, asubuhi ya baridi huchotwa kwa kijiko. Injini iliyojaa oili nzito haizunguki kwa urahisi.

Nayo magari ya kwanza yalizungushwa kwa mkono, kwa chuma kilichopindwa kiitwacho hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari, akashika hendeli, akazungusha kwa nguvu zake zote. Mara nyingine injini ilirudisha teke. Hendeli ikazunguka kinyume, ikavunja kifundo cha mkono au taya. Fikiri kufanya kazi hiyo asubuhi yenye theluji, vidole vimekufa ganzi.

Mwaka 1912 magari ya Cadillac ya Marekani yalitoka yakiwa na mota ndogo ya umeme ya kuamsha injini, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Tangu hapo mtu yeyote aliweza kuwasha gari akiwa ameketi. Lakini tatizo halikuisha, lilihama tu. Zamani dereva alitegemea mkono wake; sasa alitegemea betri. Na betri nayo huchukia baridi. Baridi ikifika digrii 18 chini ya sifuri, betri nzuri huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati uleule ambapo oili nzito inataka nguvu nyingi zaidi. Betri iliyochoka, ambayo wakati wa joto ilikuwa ikijikokota na kuwasha gari, siku ya baridi haiwashi kabisa.

Kwa upande wa oili, wataalamu walitengeneza namna ambayo haiwi nzito mno wakati wa baridi wala nyepesi mno wakati wa joto. Ukitazama kopo la oili dukani utaona tarakimu zenye herufi W katikati, kama 10W-40. Herufi hiyo ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake huonyesha jinsi oili inavyokwenda katika baridi. Ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi zaidi.

Adui wa tatu: kioo kisichoonyesha njia

Mapema katika karne ya 20 mwanamke mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alitembelea mji wa New York wakati wa baridi. Alipanda tramu, yaani gari la abiria lipitalo juu ya reli mjini. Theluji yenye maji ilikuwa ikianguka, na kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi kitu. Dereva ilimbidi kufungua kioo ili aone njia, na upepo wa baridi ukawapiga yeye na abiria pamoja.

Bibi Anderson alirudi nyumbani akachora chombo: mkono wenye mpira, unaopita juu ya kioo na kufuta, ukivutwa na dereva kwa mpini ulio ndani. Tarehe 10 Novemba, 1903, alipewa hati ya serikali ya ubunifu huo. Alijaribu kuuza haki yake kwa kampuni, akaambiwa kwamba chombo hicho hakina faida ya biashara. Hati yake ikaisha muda wake mwaka 1920, naye hakuwa amepata fedha kwayo. Baada ya hapo magari mengi yakatengenezwa na waipa. Kila unapoona waipa ikifuta kioo wakati wa masika, mkumbuke mama yule aliyeona shida ya dereva, na hakuridhika kuitazama tu.

Adui wa nne: njia yenye utelezi

Ninyi mnajua utelezi wa tope. Barafu ni mbaya kuliko tope, maana mara nyingine haionekani. Hutanda juu ya lami nyembamba kama utando wa maziwa, na dereva hudhani ni lami iliyolowa tu. Huko Uingereza madereva hufundishwa kwamba kwenye barafu gari laweza kutaka nafasi mara 10 zaidi ili lisimame. Kama kwenye njia kavu lingesimama baada ya hatua 20, hapo laweza kwenda hatua 200.

Mpira wa tairi ya kawaida ukipata baridi huwa mgumu. Baridi ikikaribia digrii 7 juu ya sifuri, umeanza kupoteza mshiko wake. Watu wa Finland, ambao majira yao ya baridi ni marefu, waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha nchi hiyo kilitoa tairi ya malori iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya theluji, yenye meno makubwa ya kuuma. Mwaka 1936 kikatoa ya motokaa ndogo, kwa jina la Hakkapeliitta. Baadaye tairi za baridi zikatengenezwa kwa mpira laini usiokakamaa, na nyingine zikapigiliwa misumari mifupi ya chuma.

Misumari hiyo ilishika barafu vizuri, lakini ilichimba lami. Katika Japani vumbi la lami iliyochimbwa lilijaa hewani katika miji ya theluji, watu wakapata shida ya kupumua. Serikali ikatunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia tairi zenye misumari. Wajapani wakategemea tairi laini zisizo na misumari. Mnaona jinsi historia inavyokwenda: dawa ya tatizo moja huleta tatizo jingine, na watu huketi tena kufikiri.

Nchi nyingine zililazimisha maandalizi kwa sheria. Sweden ilianza kudai tairi za baridi mwaka 1999, na jimbo la Quebec katika Kanada mwaka 2008. Hapo awali kila mtu aliamua mwenyewe. Lakini gari lisiloweza kusimama haliumizi mwenyewe peke yake. Huumiza pia aliye mbele yake.

Majira ya baridi ya mwaka 1941

Sasa nataka tusimame mahali pamoja katika historia, tuone maandalizi maana yake nini.

Tarehe 22 Juni, 1941, majeshi ya Hitler yaliingia katika nchi ya Muungano wa Kisovieti, yakiwa na magari maelfu kwa maelfu. Wakuu wake walitumaini kushinda kabla ya baridi kufika. Haikuwa hivyo. Ilipofika Desemba majeshi yalikuwa karibu na Moscow, na baridi siku nyingine ilipita digrii 30 chini ya sifuri. Dawa ya rejeta ilikuwa haba. Oili iliganda, betri zilikufa. Askari waliwasha moto chini ya injini ili ziamke, au waliziacha zikinguruma usiku kucha na kumaliza petroli. Si baridi peke yake iliyowarudisha nyuma. Wasovieti walipigana kwa ushujaa mkubwa. Lakini jeshi lililojiandaa kwa kiangazi lilikutwa na majira mengine.

Wakati huohuo, kaskazini, mji wa Leningrad, ambao leo unaitwa Saint Petersburg, ulikuwa umezingirwa. Chakula kilikwisha. Katika siku mbaya kabisa za mwezi wa Novemba na Desemba, watu wengi walipewa gramu 125 tu za mkate kwa siku. Hicho ni kipande cha kutosha kiganja. Njia iliyobaki ilikuwa Ziwa Ladoga, na ziwa lilikuwa likiganda.

Hapa baridi ile iliyokuwa adui ikafanywa daraja. Watu walitembea juu ya barafu wakiipima unene wake na kuweka alama. Tarehe 22 Novemba, 1941, malori ya kwanza yalivuka. Hayakubeba mzigo kamili, kwa sababu barafu ilikuwa bado nyembamba. Madereva wengi waliendesha mlango ukiwa wazi, baridi ikiwachoma, ili barafu ikipasuka waweze kuruka. Malori kadhaa yalizama, na madereva wengine walizama nayo.

Wataalamu wa fizikia wa Leningrad walitengeneza chombo cha kupima jinsi barafu inavyobonyea. Waligundua kwamba lori likienda juu ya barafu, maji yaliyo chini hufanya mawimbi. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa mawimbi, barafu hupasuka hata kama ni nene. Basi madereva wakaelezwa mwendo wa kwenda, na nafasi ya kuacha baina ya lori na lori. Mafundi walikaa kando ya njia ile, usiku na mchana, wakitengeneza injini kwa mikono iliyokufa ganzi.

Mpaka mwezi wa Aprili 1942 njia hiyo ilikuwa imepitisha zaidi ya tani 360,000 za mizigo, na watu zaidi ya 500,000 walikuwa wametolewa mjini. Wenyeji waliiita Njia ya Uhai. Wengi sana walikufa kwa njaa hata hivyo. Lakini kila gunia la unga lililofika lilibebwa na lori ambalo mtu fulani alikagua maji yake, oili yake, na barafu iliyo mbele yake.

Moshi ndani ya gari

Msidhani kwamba hatari hii ni ya wakati wa vita tu. Mwezi wa Februari 1978 theluji nyingi ilianguka katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Karibu na mji wa Boston zaidi ya motokaa 3,000 zilikwama katika barabara moja kuu. Watu walikaa ndani, wakaacha injini zikiwaka ili wapate joto. Theluji ikaziba mabomba ya moshi kwa nyuma. Moshi ukaingia ndani ya magari. Hewa yenye sumu iliyomo katika moshi wa injini haina rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, asiamke. Baadhi ya watu walikufa namna hiyo.

Tangu zamani hizo watu wa huko hufundishwa hivi: kabla ya majira ya baridi, kagua dawa ya rejeta, betri, tairi, taa, waipa na breki. Weka garini blanketi, koleo, tochi, chakula na maji. Jaza tangi. Ukikwama, kaa karibu na gari, washa injini kwa muda mfupi tu, na kwanza toka nje uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Ukiendesha, nenda polepole, acha nafasi kubwa, usishike breki kwa ghafula, usikate usukani kwa ghafula.

Sasa jibu la swali lenu

Theluji inatuhusu nini sisi? Kwanza, magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, na baadhi yametoka katika sehemu zenye theluji. Mengine yana kidude cha kubonyeza kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Kimewekwa ili gari liondoke taratibu mahali penye utelezi. Mengine yana kutu chini ya tumbo lake, maana katika nchi za baridi hutumika chumvi kuyeyusha barafu barabarani, na chumvi hula chuma. Ukinunua gari, piga magoti, tazama chini.

Pili, tairi. Zile tairi laini za theluji nazo huletwa kwetu. Nyingine zina alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Mtu huona meno makubwa akafurahi, akidhani amepata tairi imara. Lakini mpira ule ulitengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya joto, pamoja na mzigo mzito, huisha upesi na mshiko wake si mzuri. Kitu kilichookoa maisha kule kinaweza kuhatarisha maisha hapa.

Tatu, yale maji ya rangi ndani ya rejeta, ya kijani au mekundu. Wengi huyamwaga na kutia maji ya bomba, wakisema, "Hapa hakuna barafu." Ni kweli, hakuna barafu. Lakini dawa ile huzuia pia kutu, na husaidia maji yasichemke upesi mlimani. Usiyamwage bila sababu. Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Na mkumbuke lile neno tulilosema tutalirudia: ni tamu, nayo ni sumu. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda mahali mtoto anapofika.

Nne, na hili ndilo kubwa. Baridi haikuharibu magari yaliyokuwa mazima kwa kuyachukia. Ilifunua tu kilichokuwa kimeachwa: betri iliyochoka, tairi iliyokwisha, maji yasiyokaguliwa. Kwetu kazi hiyo hufanywa na masika, na mteremko mrefu, na mzigo uliozidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva wa basi litakalokubeba wewe na watoto wako azibe ufa wakati jua linawaka. Na wewe abiria, una haki ya kutazama tairi kabla ya kupanda.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka ikigandishwa?
2. Madereva wa zamani walitia vitu gani katika rejeta, na kila kimoja kilikuwa na ubaya gani?
3. Kwa nini madereva wa Ziwa Ladoga waliacha milango wazi?
4. Kama kuna dereva au fundi katika darasa lenu, mwombeni awaeleze mambo anayokagua kabla ya masika. Andikeni orodha yake ubaoni, kisha kila mtu ainakili katika daftari.